Uliza Ujibiwe: Pedeli inayopiga mguu, nyutro ya Kitonga na taa zinazofichwa na mafundi

Barua karibu zote za safari hii zimetoka kwa wenye magari yaliyotembea Japani kabla ya kufika kwetu. Kitabu cha maelekezo, kama kilibaki ndani ya gari, kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo watu wanabaki kuulizana. Tumezifupisha barua. Majibu yanayohusu breki tumeyaacha marefu.

Nichomoe fyuzi ya ABS?

*Nina Premio. Mvua ilikuwa inanyesha, bodaboda akakatiza ghafla, nikakanyaga breki yote. Pedeli ikaanza kunipiga mguuni, na chini kukawa na mlio kama wa kusaga. Nikashtuka, nikaachia, nilimkosa kwa bahati tu. Fundi anasema nichomoe fyuzi ya ABS ili breki zirudi kuwa za kawaida. — Msomaji, Morogoro*

Fyuzi iache hapo hapo ilipo. Kilichokupiga mguuni ndiyo ABS yenyewe, yaani mfumo wa kuzuia matairi yasigande unapokanyaga breki, ikiwa kazini, na kosa pekee lililotokea ni kuachia pedeli.

Kila tairi lina sensa inayosoma mzunguko wake. Tairi likitaka kuganda wakati gari bado linakwenda, kompyuta hupunguza mgandamizo wa mafuta ya breki kwenye tairi hilo, kisha huurudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mafuta yanayorudishwa na pampu ndiyo yanayosukuma pedeli, na ule mlio wa kusaga ni wa pampu. Usidhani kazi yake ni kulisimamisha gari papo hapo. Kazi yake ni kuhakikisha usukani unaendelea kutii, kwa sababu tairi lililoganda huserereka kule lilikokuwa linaelekea hata ukizungusha usukani mpaka mwisho.

Kwa hiyo kanyaga kwa nguvu zako zote, shikilia hivyo hivyo hadi gari lisimame, na wakati huohuo elekeza gari penye nafasi. Usipampu. Kupampu ni sahihi hadi leo kwa gari lisilo na ABS. Kwako wewe, kila ukiachia unainyima kompyuta mgandamizo inaouhitaji. Ukitaka kuizoea, tafuta uwanja mtupu wenye changarawe au uliolowa, nyuma pasiwe na mtu, nenda kilomita 30 kwa saa kisha kanyaga breki yote mara mbili tatu. Mguu ukishaujua mtetemo ule hautaruka tena.

Kuna mahali ABS inakupunja: barabara ya vumbi, kokoto na mchanga. Tairi lililoganda kwenye kokoto hujikusanyia kilima kidogo mbele yake na kilima hicho husaidia kusimama. ABS hailiachi tairi ligande, kwa hiyo gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Kwenye barabara ya vumbi punguza mwendo mapema na umwache wa mbele yako mbali kuliko ulivyozoea lamini.

Kuhusu taa: ukifungua swichi, taa ya ABS huwaka na kuzimika baada ya sekunde chache. Ikibaki inawaka peke yake, breki za kawaida unazo, ila ABS huna. Endesha kwa upole mpaka kwa fundi. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama pembeni, hakikisha handibreki imeshuka, kisha tazama kimo cha mafuta ya breki kwenye kikopo chake. Kama taa ilianza kuwaka siku uliyobadilisha beringi ya tairi, muulize fundi aliifunga upande gani. Beringi nyingi za siku hizi zina upande mmoja wenye sumaku, mweusi kama mpira, ambao lazima utazame sensa. Ikipigwa kinyume gari linatembea vizuri kabisa, ila sensa haisomi kitu. Utanunuzwa sensa tatu kabla mtu hajaifungua beringi.

Kuteremka Kitonga kwa nyutro, na kitufe cha O/D

*Naendesha Noah ya zamani ya otomatiki kati ya Iringa na Dar. Madereva wengi tunateremka mlima wa Kitonga kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Safari moja breki zilinuka sana na pedeli ikazama karibu sakafuni. Pia nieleze kitufe cha pembeni ya gia kilichoandikwa O/D. Nikikibonyeza taa inawaka kwenye dashibodi. — Dereva, Iringa*

Kaka, nyutro haikuokolei mafuta, inakuongezea matumizi. Injini yako ni ya nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa kwenye D na linateremka, matairi ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa mpaka mzunguko ukaribie ule wa sailensi, yaani wa injini inayonguruma bila kukanyagiwa mafuta. Ukiweka nyutro, matairi hayaizungushi tena, kwa hiyo injini inalazimika kunywa mafuta ili isizime. Unalipia mafuta ili kupoteza breki ya injini, yaani injini kulizuia gari lisikimbie.

Sasa pedeli iliyozama. Gari lenye abiria na mizigo likishuka mlima mrefu bila gia, joto lote linaishia kwenye diski na pedi. Harufu uliyoisikia ni ya pedi zilizopata moto kupita kiasi. Joto likiendelea hupenya hadi kwenye mafuta ya breki, nayo yakichemka hutoa mvuke. Mafuta hayashindiliki, mvuke unashindilika. Ndiyo maana unakanyaga na mguu unazama. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishashiba maji kiwango hicho hushuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Basi badilisha yote kila baada ya miaka miwili, hata kama kikopo kimejaa. Kujazia juu si kubadilisha.

O/D ni gia ya juu kabisa, ya nne kwenye gia boksi yako, ambayo injini huzunguka polepole kuliko shafti inayotoka kwenye boksi. Taa ya O/D OFF ikiwaka maana yake umeizuia, gari litaishia gia ya tatu. Kwenye tambarare iache ifanye kazi, yaani taa izimike, la sivyo injini inalia na mafuta yanakwisha bure. Kwenye mlima mrefu, kupanda au kushuka, izuie.

Namna ya kushuka ni hii. Punguza mwendo juu kabisa, kabla mteremko haujaanza. Bonyeza O/D, taa iwake. Ukiona gari bado linakimbia, gusa breki mwendo upungue, kisha vuta gia kwenye 2. Kwenye kona kali kabisa nenda L. Injini itapaza sauti, mshale wa mizunguko ya injini utapanda 3,000 hadi 4,000. Usiogope sauti, ogopa eneo jekundu tu. Gia iliyofaa ni ile ambayo mguu ukiwa nje ya mafuta, mwendo hauongezeki au unaongezeka taratibu. Ukifikia mwendo usioutaka, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, shusha kama kilomita 10 kwa saa, achia kabisa. Kuweka mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho wa mlima ndiko kunakoziunguza. Magari ya CVT (otomatiki yenye mkanda badala ya gia za hatua) hayana O/D. Yana S, B au L, na kazi ni ileile. Wanaoshuka Sekenke, Lushoto au Mai Mahiu wasome hapa pia.

Pedeli ikizama tena: ipampu haraka haraka upate mgandamizo uliobaki, shusha gia moja baada ya nyingine, vuta handibreki kidogo kidogo ukiwa umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia ikianza kuliserereshea gari nyuma, na washa hazadi. Usizime gari. Ukizima, msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara mbili au tatu tu, usukani unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo usukani unajifunga. Ukishasimama usimwagie diski maji. Subiri nusu saa zipoe zenyewe, kisha ijaribu pedeli kabla ya kuondoka. Ikirudi kuwa ngumu, usidhani mambo yamekwisha. Mafuta yale yamekwisha kazi.

Mwanamke wa Kijapani ndani ya dashibodi

*Kila nikiwasha Ist yangu anaongea mwanamke kwa Kijapani. Anasema nini? Kuna hitilafu? — Msomaji, Mwanza*

Hakuna hitilafu. Anakuambia kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa Japani wa kulipia barabara za kasi bila kusimama getini. Huku hauna kazi. Kifaa chake ni kiboksi kidogo chini ya dashibodi au ndani ya kiboksi cha mbele ya abiria. Fundi umeme akikata waya wake wa moto na kuufunga vizuri, kimya kitarejea.

Taa nyekundu ya mtu mwenye duara kifuani

*Taa ya mtu aliyekaa na duara mbele yake haizimiki. Aliyeniuzia gari alisema ni ya mkanda, fundi mwingine amesema ataitoa balbu isinisumbue. Mwanangu ana miezi minane, mimi humpakata kiti cha mbele baba yake akiendesha. — Mama, Mombasa*

Dada, tuanze na mtoto, taa itasubiri. Kuanzia leo asikae mbele, si mapajani wala kwenye kiti cha mtoto. Eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali, hujaa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, chini ya nusu ya kupepesa jicho, na hutoka kwa nguvu iliyopimiwa mtu mzima aliyefunga mkanda. Mtoto aliye mapajani mwako ndiye anayekutana nayo. Na hata pasipo eabegi, mikono haimshiki: gari likigonga kitu kizito katika kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 8 huvutwa mbele kama mzigo wa zaidi ya kilo 150.

Mahali pake ni siti ya nyuma, kwenye kiti chake, akitazama nyuma ya gari. Pekua mfereji kati ya mgongo wa siti na pa kukalia; magari mengi ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yana vijipete viwili vya chuma vya kunasia kiti cha mtoto, vinaitwa ISOFIX. Kama havipo, kiti hufungwa kwa mkanda wa gari. Kandamiza kiti kwa goti wakati unakaza, kisha kitikise pale mkanda unapopita: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mikanda ya kiti chenyewe ikaze kiasi kwamba huwezi kubana mkunjo wake begani kwa vidole.

Sasa taa. Ni ya mfumo wa eabegi, si ya mkanda peke yake. Ukifungua swichi inatakiwa iwake kama sekunde sita kisha izimike. Ikibaki inawaka, kompyuta imeona kasoro, na siku ya ajali huenda eabegi zisifunguke na mikanda isijivute. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana kuna aliyekwisha itoa au kuiunganisha na taa nyingine. Huyo fundi wa balbu mkimbie.

Mara nyingi chanzo ni kidogo. Kama viti vya mbele viliwahi kutolewa ili kufua kapeti, tazama chini yake: plagi za rangi ya njano ndizo za eabegi, na moja ikirudishwa bila kulia "tak" taa huwaka. Chanzo kingine ni waya wa mviringo ulio nyuma ya usukani, ambao huchoka na kukatika. Dalili yake nyingine ni honi au vitufe vya usukani kugoma. Fundi akitaka kugusa plagi hizo azime gari, afungue waya wa negativu wa betri, asubiri dakika mbili. Asipime waya za njano kwa testa ya balbu. Baadhi ya waliojaribu wamefungua eabegi usoni mwao.

Ukiwa pwani kuna jambo moja zaidi. Eabegi zilizotengenezwa na Takata, zilizofungwa kwenye aina nyingi za Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na nyinginezo, zilitumia baruti ya amonia nitrati ambayo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevunyevu. Ikiharibika hulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kubadilishiwa duniani, na kampuni yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2017. Joto na unyevu wa Mombasa, Tanga na Unguja ndiyo hali yenyewe inayoiharibu. Soma namba ya chesesi kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au mlangoni (kwa gari la Japani ni herufi na tarakimu, kistari, kisha tarakimu saba), uiingize kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza gari lako wa magari yaliyoitwa kurudishwa, au umpelekee wakala wake nchini akuangalizie. Kumbuka kwamba taa ya eabegi haiwezi kukuonyesha ubovu huu. Inaweza kuzimika vizuri na baruti ikawa mbovu.

Ukungu usiofutika

*Masika nikiwasha AC kioo cha mbele kinajaa ukungu. Nafuta kwa kitambaa, haufutiki. — Msomaji, Dar es Salaam*

Haufutiki kwa sababu uko nje. Umeelekeza hewa baridi kwenye kioo, kioo kimepoa, na hewa ya Dar iliyojaa unyevu ikikigusa inageuka maji kwa upande wa pili. Piga waipa mara moja. Ukiona panang'aa, umepata jibu. Hamisha hewa kutoka kwenye kioo iende usoni au miguuni, na pandisha joto hadi nyuzi 24 au 25.

Ukungu wa ndani ni kesi nyingine. Huo unatokana na pumzi na nguo mbichi. Washa AC, maana kazi yake mojawapo ni kukausha hewa, lakini zima kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake. Kitufe hicho kinazuia hewa ya nje, nanyi mnabaki kuvuta mvuke uleule. Feni juu, hewa ielekee kioo, isiwe baridi sana. Kioo cha nyuma kina nyaya zake za joto. Zima baada ya dakika 10 hadi 15. Ukibandua tinti ya zamani kwa kuivuta, nyaya hizo hutoka nayo.

Na kwa kuwa tumegusa mvua: hazadi ni za gari lililosimama au lililo hatarini. Ukitembea nazo, indiketa yako haionekani tena, na anayekufuata hajui kama unakata kona au unaendelea. Kwenye mvua washa dimu.

Wanaonipigia fulu usiku

*Gari langu limetoka Japani, nipo Bujumbura. Usiku wanaokuja mbele yangu wananipigia fulu hata nikiwa kwenye dimu. Kitufe cha kuzungusha chenye namba 0 hadi 5 hakinisaidii. — Msomaji, Burundi*

Wana haki. Japani huendesha kushoto, kwa hiyo dimu yake imekatwa iwe chini upande wa kulia na ipande kidogo upande wa kushoto, ili imulike ukingo wa barabara na vibao. Kwenu, kama Rwanda na Kongo, mnaendesha kulia, na kushoto kwako ndiko anakotokea mwenzako. Simamisha gari mbele ya ukuta uone: mstari wa mwanga umenyooka kulia, kushoto umeinuka. Kwa msomaji wa Dar au Nairobi umbo hilo ni sahihi.

Kitufe cha namba hushusha mwanga wote kwa pamoja. Ni cha kutumia gari linapobeba mzigo nyuma na pua kuinuka: 0 ukiwa peke yako, namba ikipanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Tiba ya kweli ni taa za aina ileile zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia. Wakati unazitafuta, kuna stika maalumu za kugeuza mwanga wanazotumia Waingereza wakivuka kwenda Ufaransa. Usitie balbu za LED au za xenon kwenye taa iliyochorwa kwa halojeni ukidhani utaona zaidi. Chanzo cha mwanga kikikaa milimita chache nje ya mahali pake, kioakisi hutawanya mwanga kila upande, na hapo utapigiwa fulu na mji mzima.

Smart key imekataa

*Gari yangu ni ya kubonyeza kitufe. Majuzi haikuitambua key nikiwa Naivasha, nikakwama. Pia, nikikibonyeza gari ikitembea itazima? — Msomaji, Nairobi*

Huenda betri ya ufunguo imekwisha. Ndani ya ufunguo kuna kifunguo cha chuma. Sukuma kilachi kidogo pembeni ukichomoe, fungua mlango wa dereva. Kwenye Toyota nyingi, kanyaga breki, gusisha upande wa ufunguo wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio, kisha bonyeza kitufe. Betri yenyewe ni ya mviringo, mara nyingi CR1632 au CR2032. Hazibadilishani, moja ni pana kuliko nyingine, basi soma iliyomo kabla ya kununua.

Kubonyeza mara moja gari likitembea hakuzimi. Toyota huzima ukishikilia sekunde mbili au zaidi, au ukibonyeza haraka mara tatu. Hiyo ni ya dharura, kwa mfano pedeli ya mafuta ikinasa kwenye mkeka wa sakafuni, jambo linalowapata hasa wanaotandika mkeka wa pili juu ya wa kwanza. Lakini hata hapo kuzima si hatua ya kwanza. Kanyaga breki kwa miguu yote miwili bila kupampu, weka N, acha injini ipige kelele, elekea pembeni usimame, kisha ndipo uzime.